Magunia ya Mama Waceke

Waiyego ni mtu asiyejua kukaa. Ukimpa kiti atakushukuru, atakipangusa vumbi kwa leso, atakiegemea kidogo, kisha ataondoka kwenda kuangalia kama mlango wa stoo umefungwa. Ameufunga mwenyewe sasa hivi, anajua ameufunga, lakini ataenda tu. Watu wa Munyaka, mtaa wetu hapa Eldoret, wamemzoea. Wanamwita Mama Waceke, kwa jina la binti yake aliyeolewa Nakuru, na wanasema mama huyu hata kaburini atakuwa anageukageuka akitafuta pa kuweka mizani.

Duka lake ni la nafaka. Ana maharagwe ya kutoka Soy, ana njahi, ana ndengu, ana mahindi ya githeri. Lakini mchele ndio uliompa jina. Katika mtaa ule ukisema "nimenunua kwa Mama Waceke," huna haja ya kuendelea, kila mtu anajua umebeba pishori ya Mwea, ule mchele ambao ukianza kutokota jirani anabisha hodi kuja kuomba chumvi asiyoihitaji.

Na sisi watu wa Eldoret tuna mambo yetu. Mnunuzi wa kwetu haulizi bei kwanza. Anaingiza mkono ndani ya sanduku la mchele bila kuomba ruhusa, anasugua punje katikati ya viganja, anapeleka puani, anafumba macho kama mtu anayeombewa, ndipo anauliza, "Huu ni wa wapi?" Akiambiwa ni wa Mwea, atalipa zaidi na kukushukuru juu yake. Akiambiwa ni wa Pakistan, uso unamshuka na bei anaishusha mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Mchele ni ule ule alioufumbia macho sasa hivi! Mambo ya ajabu, lakini ndiyo tunayoyafanya kila siku, na mimi mwenyewe nimeyafanya.

Mchele wa Waiyego uliletwa kwa lori na shemeji yake, Ng'ang'a, mdogo wa marehemu mumewe, aliye na shamba huko Mwea kando ya mifereji. Sasa sikiliza jambo hili vizuri, kwa sababu kesi yote ilitokea hapo. Ng'ang'a alitia mchele wake katika magunia yaliyokwisha kutumika. Gunia jipya ni gharama, na yale ya nailoni yanayoleta mchele wa ng'ambo ni magumu, hayapasuki ovyo. Hoteli zikimaliza mchele, magunia yananunuliwa na watu kama Ng'ang'a, yanakung'utwa, yanajazwa upya, yanashonwa mdomo kwa mkono na ile sindano ndefu ya gunia. Ndiyo maana mchele wa Mwea uliingia Munyaka katika gunia lenye picha ya tausi na maandishi makubwa ya kijani, PRODUCT OF PAKISTAN. Kwa Waiyego hilo halikuwa jambo. Alimwaga mchele kwenye sanduku la mbao, akakunja gunia, akalirusha nyuma ya pazia la stoo, akaenda kuangalia kitu kingine.

Hadi siku Brenda aliponyeshewa.

Brenda ni msichana mpangaji wa ploti ya jirani, anauza dawa katika duka moja mjini, na kwa sababu ya kazi yake ana ugonjwa wa kusoma. Hawezi kununua hata majani chai bila kugeuza pakiti. Jumatatu hiyo mvua ilimkuta dukani kwa Waiyego, mvua yetu ile ya mawe, na Waiyego akamwambia kwa roho safi, "Ingia huko stoo, mwanangu, usilowe." Upepo ukapeperusha pazia. Brenda akayaona magunia yamepangwa, tausi juu ya tausi. Akatoa simu, akapiga picha, na kabla mvua haijakatika picha ilikuwa katika grupu la WhatsApp la mtaa, na chini yake ameandika: "Mwea yetu ndiyo hii. Someni wenyewe."

Woi! Kufika jioni wateja waliokuwa wakipiga foleni walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara, wanasalimia kwa mbali, wengine wamejifanya wanaongea na simu. Rosebella alituma ujumbe mfupi. Huyu Rosebella ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mtu akikohoa mtaa unanyamaza, na binti yake Mercy alikuwa anaolewa Jumamosi. Rosebella alikuwa ameagiza mchele wa harusi yote kwa Waiyego, mzigo mkubwa kuliko wote aliowahi kuagizwa. Ujumbe ulisema: "Mama Waceke, ile order tuisimamishe kwanza."

Ukidhani Waiyego aliumia kwa sababu ya faida, humjui. Mwanamke huyu alikuja Munyaka na mume, mtoto wa mgongoni na mizani ya kuazima. Mume amekufa, mtoto ameolewa, na kilichobaki mkononi mwake ni kitu kimoja tu, kwamba akisema kitu ni hivi, watu wanajua ni hivyo. Hicho ndicho Brenda alikuwa amekipiga picha. Jumanne Waiyego alishinda anazunguka duka. Alipanga maharagwe, akayapangua. Alifagia pasipokuwa na uchafu. Mwishowe alifunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa siku ya matanga ya mumewe, akashika njia kwenda kwa Saida.

Saida ana duka la jumla karibu na msikiti, yeye na watu wake walihamia kutoka upande wa Garissa, na huuza mchele wa Pakistan waziwazi, magunia yamesimama mlangoni kama askari. Alikuwa ameshaiona picha. Alicheka hadi akashika kaunta.

"Mama Waceke, hawa watu wanakutukana kwa kutumia mchele wangu! Pakistan imekuwa matusi lini? Kwetu harusi bila huu wanauliza nani amekufa."

"Saida, usicheze. Mimi nimeitwa mwongo."

"Mwongo wa nini? Wamesoma gunia. Gunia linakuambia gunia limetoka wapi. Na hao hao wanaenda supamaketi, wanachukua pakiti imeandikwa Mwea mbele, herufi kama kichwa cha ng'ombe. Wageuze nyuma! Huko herufi ni kama sisimizi: packed in Kenya. Kupakia tu! Hata mimi nikikufunga na shuka hapa nitakuwa nimekupakia Eldoret, lakini sijakuzaa hapa."

Waiyego alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na kicheko kile kikamtia nguvu. Alitoka pale mbiombio. Kwa nini anyamaze kama mwizi? Awaite, waje waone, wanuse, waulize!

Wakaja Jumatano. Rosebella alikuja na akina mama wa kamati ya harusi, na Brenda akaletwa katikati yao, amevuta kofia ya sweta hadi kwenye nyusi. Waiyego aliburuta gunia moja mbele yao na kuwaonyesha mdomo wa gunia hilo. "Oneni uzi huu. Ni kamba ya katani, na fundo hapa, fundo hapa, fundo kombo hapa. Hii ni mashine? Huu ni mkono wa shemeji yangu! Gunia lilikuja na mchele wa watu, ukaisha, likajazwa wetu. Sasa nuseni." Akachota mchele wa sandukuni, akawamiminia viganjani. Wakasugua, wakanusa, wakatazamana. Harufu ilikuwa ile ile.

Aliyekata maneno ni Mzee Ephantus. Huyu ni mzee mpole, fundi wa zamani wa kiwanda cha nguo, alikuja Eldoret akiwa kijana wa kutafuta kazi na hakurudi kwao tena. Shamba la baba yake liliuzwa na ndugu zake akiwa huku huku. Hana simu ya grupu, lakini habari zilimfikia kwa mdomo, akaja amevaa koti lake la Jumapili. Alitia punje chache mdomoni, akazitafuna mbichi polepole, macho yakamlowa.

"Nyinyi akina mama," alisema, "mimi kitovu changu kimezikwa Mwea. Nimelala na njaa kando ya huo mfereji nikifukuza ndege kwenye mpunga. Mtu asinifundishe mchele wa kwetu. Huu hapa ni wa kwetu."

Nani angebishana na kitovu cha mtu? Rosebella aligeuka kwa Brenda, mikono kiunoni. "Umesikia? Sasa omba msamaha, na uombe pale pale ulipochafulia."

"Lakini auntie," Brenda alisema, "mimi nilisoma tu kile kimeandikwa."

"Ulisoma gunia!" Waiyego akadakia. "Hukusoma mchele!"

Wakacheka wote, wakapigana vikumbo, na maneno yale yakawa wimbo wa mtaa siku hiyo hiyo. Brenda aliandika msamaha kwenye grupu na kikaragosi cha kulia. Watu walimjibu kwa kejeli za kila aina, daktari wa magunia, profesa wa tausi, hadi akatoka kwenye grupu. Siku ya pili alipita mbele ya duka ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeziba uso upande wa Waiyego. Waiyego alimwona. Aliona raha, tusidanganyane. Aliona raha tamu kabisa.

Jioni alimpigia Ng'ang'a kumsimulia, anacheka katikati ya kila sentensi, anamwigiza Rosebella, anamwigiza Mzee Ephantus. Ng'ang'a hakucheka.

"Uliwaonyesha gunia gani?" aliuliza.

"Gunia ni gunia! La kwako, ulilolishona."

"Ahaa. Sawa sawa, shemeji. Basi ni sawa."

Simu ikakatwa. Waiyego aliitazama ile simu. Mbona mtu amesimuliwa furaha akauliza gunia? Akajiambia Ng'ang'a amechoka, ni msimu wa kuvuna, akaenda kuangalia mlango wa stoo. Akarudi. Akaenda tena.

Ijumaa alfajiri lori lilileta mchele wa harusi. Wabebaji waliyapanga magunia hadi dari, wakaondoka, na Waiyego akachukua kisu afungue moja, kwa sababu hakuwahi kumpelekea mtu mchele ambao hakuutia mkono. Magunia ya Ng'ang'a yanasumbua kufungua. Unakata fundo, unavuta, linakwama, unakata jingine. Ila safari hii alipokata mwisho wa uzi na kuvuta, uzi ulikimbia. Krrrrr! Ulitoka kutoka pembe hii hadi pembe ile kwa mvuto mmoja, ukabaki unaning'inia mkononi mwake, mweupe, mwembamba, uliosokotwa sawa.

Huo ni uzi wa kiwandani. Kila muuza nafaka anaujua. Unafumuka hivyo mara moja tu katika maisha ya gunia, siku linapofunguliwa kwa mara ya kwanza.

Waiyego alilishika gunia lililofuata. Hili lilikuwa la mkono, fundo kombo, akakata hadi vidole vikauma. La tatu, krrrrr. La nne, krrrrr. Aliinua kiganja cha mchele kutoka gunia la uzi mweupe, akasugua, akanusa. Hakuna kitu. Akanusa wa gunia la fundo kombo, na ule ukanukia Mwea. Akabaki katikati ya stoo, kiganja hiki na kiganja hiki, na akajua bila kuambiwa kwa nini Ng'ang'a aliuliza ni gunia gani.

Utauliza, mwanamke anauza mchele miaka yote hii, hajui? Subiri. Pishori ina tabia moja, harufu yake ni ya kuambukiza. Changanya kidogo katika mchele usio na harufu, ufunge gunia, uache ukae, na gunia zima litanukia Mwea. Pua haiwezi kukusaidia hapo. Ulimi ndio unaoweza, baada ya kupika. Na Waiyego hakuwa amekula wali tangu daktari alipomwambia ana ugonjwa wa sukari na kumwandikia mboga za majani na ugali wa wimbi. Muuza mchele asiyekula mchele! Aliyekuwa akiula katika nyumba ile ni mumewe, na mumewe amekufa.

Aliwasha jiko. Alipika sufuria mbili ndogo, moja ya mchele wa sanduku la dukani, moja ya gunia la uzi mweupe, na alipozunguka kati ya jiko na mlango hakuwa anaona anapokanyaga. Ulipoiva alikula kwa mkono, amesimama, sukari na iende inakotaka. Ule wa sanduku ulinukia hadi machozi. Lakini mdomoni punje zilikuwa ndefu, kila moja imejitenga na mwenzake, zinateleza. Mwea haiko hivyo. Mwea inashikana kidogo, ina ulaini wake. Akaonja wa pili. Ni punje zile zile, harufu tu imeondolewa. Na ulikuwa mtamu, hilo ndilo lililomchoma zaidi. Ulikuwa mchele mzuri tu ambao mtu angeweza kuuza kwa jina lake bila aibu.

"Ng'ang'a," alisema kwenye simu, "tangu lini?"

Kule upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine ya kukoboa. Zikapungua, kama mtu ametoka nje. "Shemeji, wateja wako ni wengi na shamba ni lile lile. Mimi ningefanya nini? Huko wanataka jina. Nikawapa jina."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu kaka atuache," alisema Ng'ang'a. "Yeye angejua. Na sikuwa natia mwingi mwanzoni. Hii ya harusi imekuwa kubwa, sikupata nafasi ya kuchanganya yote, ndiyo maana ukaona hayo mengine. Lakini niambie ukweli, kuna hata mtu mmoja amelalamika?"

Hakuna. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Waiyego alikata simu, akatupa ile leso ya begani chini, akaiokota, akaitupa tena. Kwa sababu Ng'ang'a alikuwa amesema kweli. Watu wamekula, wamesifu, wamefumba macho. Walikula matangani kwa mumewe, kwa maana mchele wa matanga nao ulitoka kwa Ng'ang'a, na waombolezaji walisema marehemu amewaaga na chakula cha nyumbani. Sasa angefanya nini? Si kesi imekwisha? Mzee ametoa ushahidi, Rosebella amehukumu, Brenda amefungwa mdomo. Ingetosha kumwaga magunia ya uzi mweupe pamoja na yale mengine, kukoroga, kufunga, kuacha yakae hadi kesho. Alichukua beleshi. Nasema alilichukua, na alilitia ndani ya mchele, na alikoroga mara kadhaa.

Kisha akaenda mlangoni, kwa ile tabia yake ya kwenda mlangoni. Brenda alikuwa anapita kwenda kazini. Alipomwona Waiyego alivuka barabara haraka, hakuangalia, pikipiki ikamkosakosa, na mwenye pikipiki akamtukana. Brenda hakugeuka hata kujibu. Alizidisha tu mwendo na mkono wake usoni.

Raha ya jana iligeuka nyongo kinywani. Waiyego alimwita, "Brenda! We Brenda!" lakini msichana alishapotea kwenye kona.

Mchana alikwenda kwa Rosebella. Hema lilikuwa limeshasimamishwa uani, akina mama wamekaa kwenye mikeka na viti wanamenya vitunguu saumu, na Brenda naye alikuwa huko pembeni, ametoka kazini mapema, kwa sababu alikuwa ameahidi kusaidia na hakutaka kuongezewa sifa nyingine mbaya. Walipomwona Waiyego mmoja alianza, "Hukusoma mchele!" na wengine wakacheka.

"Nyamazeni kidogo," alisema Waiyego. Hakukaa, ingawa alivutiwa kiti. "Mchele ni wa Pakistan."

Hakuna aliyeelewa. Rosebella alishika kisu hewani. "Mchele gani?"

"Wa kwangu. Huu wa harusi, na ule mlionusa, na ule mlioula. Una Mwea kidogo ndani ya kunukia. Shemeji yangu amekuwa akichanganya tangu mume wangu afe. Mimi sikujua, kwa sababu siuli, lakini kusema sikujua si dawa, mimi ndiye niliyewaambia. Gunia lilisema kweli. Brenda alisoma vizuri. Mimi ndiye niliyemcheka."

Waiyego alitarajia nini? Nadhani alitarajia mtu amwambie pole. Alikuwa amejiandaa kulia kidogo na kushikwa bega.

"Mama Waceke," alisema Rosebella mwishowe, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana ilikata, "ulisimama ukatushikisha mchele mikononi. Ukamtia huyu mtoto aibu mbele ya mtaa mzima, na mimi nikakusaidia. Mchele nitauchukua kwa Saida. Ni huo huo, lakini yeye tangu siku ya kwanza ameniambia ni wa Pakistan."

Brenda alifuta mikono kwenye aproni. "Auntie," alimwuliza Waiyego, "ile sorry yangu niifute?"

"Ifute. Na mimi nitaandika yangu."

Aliiandika pale pale, amesimama chini ya hema, akaituma kwenye grupu. Alisoma majibu njiani akirudi, akaacha kuyasoma kabla ya kufika kona. Usingizi haukumjia usiku huo, na alfajiri alikuwa ameshafungua duka, anatenga magunia ya fundo upande huu, ya uzi mweupe upande ule, ijapokuwa hakukuwa na mnunuzi wa kumtengea. Kwa mbali alisikia vigelegele vya wanawake wakienda kumchukua bibi harusi.

Mtu mmoja tu alikuwa hajapata habari, na Waiyego alijua atakuja, kwa maana ni Jumamosi. Mzee Ephantus hununua mchele wake kila Jumamosi, anaupika mwenyewe chumbani kwake, anakula peke yake redio ikiwa imefunguliwa. Waiyego alifikiria kufunga duka. Aliushika mlango mara mbili. Angemkwepa hadi lini?

Alikuja na koti lake na mfuko wa kitambaa umekunjwa vizuri. "Mama Waceke! Tuliwashinda, eh? Nipimie wetu."

"Mzee, si wetu," alisema Waiyego, na akamweleza yote hapo hapo kwa pumzi moja, Ng'ang'a, uzi, sufuria mbili, matanga. Hakuficha beleshi pia.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Aliingiza mkono ndani ya sanduku, kama desturi, akasugua, akapeleka puani.

"Lakini mimi naisikia Mwea," alisema. "Niliwaambia watu. Niliapa na kitovu changu."

"Ni ile kidogo iliyotiwa, Mzee. Ndiyo inayonukia."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui. Labda konzi kwa gunia. Nisamehe, Mzee. Nisamehe."

Ephantus alitazama kiganja chake. Punje zote zilikuwa nyeupe, zote sawa, hakuna jicho la mtu lingeweza kuzitenga. Alizirudisha sandukuni taratibu, akapangusa mkono kwenye koti, akakunjua mfuko wake na kuushika wazi kwa mikono miwili mbele ya Waiyego.

"Basi nipimie hicho kidogo," alisema.